Bi Foleni Aachia Mpini wa Bomba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, mwongoza wageni wetu wa Nyumba ya Pampu atarudisha funguo, sare mbili na kofia moja ya jua, kisha atakwenda nyumbani kupumzika. Jina lake kamili lipo kwenye hati ya mshahara na wengi wetu tumelisahau, kwa sababu miaka mingi tumekuwa tukimwita Bi Foleni, naye anaitika.

Msimamizi ameniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wengine waliobaki. Nilimwambia kwamba mimi ni fundi wa pampu na spana nimeizoea kuliko kalamu. Akanijibu kwamba karani wa tiketi ana mwandiko mzuri lakini hulia akiandika, na mlinzi angejaza ukurasa mzima na habari za mpira. Basi kazi imeniangukia mimi. Naambiwa wasifu wa namna hii haukamiliki bila kusema kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Nimeshasema, tuendelee.

Kwa ndugu na jamaa wa Bi Foleni ambao hawajawahi kufika kazini kwake, Nyumba ya Pampu ni jengo dogo la mawe lenye paa la mabati mekundu, nyuma ya ofisi za idara ya maji, pale mtaa unapopinda kuelekea sokoni. Ndani mna tangi la juu, tangi la chini, na injini ya dizeli iliyostaafu kabla yetu sote. Chini ya sakafu kuna chemchemi ambayo bado inatoa maji, na watu wa maabara huja kuyapima kila mwezi na kuondoka bila la kulalamikia. Zamani mtaa mzima uliishi kwa maji hayo. Siku hizi kila nyumba ina bomba lake, na watu huja hapa kutembea, kusoma vibao, kupiga picha na kunywa kikombe cha maji baridi kabla ya kurudi kwenye shughuli zao.

Kuna jambo moja lazima lieleweke mapema, la sivyo mengine yote hayataeleweka. Pampu yetu ya mkono imepita katikati ya ukuta. Mpini uko ndani, uani. Mdomo wa bomba uko nje, upande wa barabara, juu ya mfereji wenye mteremko ambapo chombo hakisimami bila kushikwa. Waliojenga walikusudia kuwe na mwajiriwa wa kushinda uani akisukuma mpini huku wananchi wakikinga ndoo zao nje. Mwajiriwa huyo alikuwepo kwa muda, kisha akahamishwa na hakuletwa mwingine, na ukuta ukabaki pale pale. Kutoka kwenye mpini hadi kwenye mdomo wa bomba inabidi utoke langoni, uzunguke kona, na ukifika unakuta maji yanadondoka tone moja moja. Mtu aliye peke yake hawezi kunywa maji hapa. Mimi ndiye ninayeipaka grisi pampu hiyo, na kila nikiipaka natamani ningewapata waliojenga niwaulize walikuwa wanafikiri nini.

Bi Foleni hakuwahi kulalamikia ukuta. Alipoajiriwa alikuwa ametoka kufundisha watoto wa chekechea, na mtu aliyewahi kuwavusha barabara watoto thelathini hababaishwi na ukuta mmoja. Aliajiriwa akate tiketi, lakini tiketi zilikuwa chache na mdomo ulikuwa mwingi, hivyo akaanza kuwafuata wageni na kuwaeleza kila kitu. Mwongoza wageni wa wakati huo, mzee wa watu mpole aliyekuwa anazungumza kwa sauti ya kunong'ona, alimwachia wageni wake polepole, kwanza wale wa mchana wa jua kali, kisha wote. Alipostaafu hakuna aliyetangaza nafasi ya kazi. Nafasi ilikuwa imeshajazwa.

Yeye ndiye aliyeweka utaratibu ambao sasa umo kwenye kibao cha langoni. Wageni hupanga foleni. Aliye nyuma huingia uani na kumshikia mpini aliye mbele yake, ambaye amesimama nje na kikombe. Hawaonani. Aliye nje akitosheka hupaza sauti, "Imetosha!", kisha anatoka, aliyekuwa kwenye mpini anakwenda kukinga, na anayefuata anaingia uani kumshikia. Hivyo hivyo mpaka foleni iishe. Wiki ya kwanza ya utaratibu huo alikuja mchuuzi mmoja wa miwani aliyekuwa anakimbia jua tu. Alikuwa peke yake. Akapewa kikombe, akaenda akasimama nje kama alivyoelekezwa, akangoja. Bi Foleni alikuwa langoni anaeleza habari za chemchemi, na alipokuja kushtuka alimkuta yule bwana bado amekinga kikombe kikavu kwa adabu zote. Alikimbilia kwenye mpini mwenyewe. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba wa mwisho hushikiwa na mwenyeji, na hajaivunja hata siku aliyokuja kazini na homa.

Jina la Bi Foleni nalo lina historia yake. Mkurugenzi fulani kutoka makao makuu alitutembelea akiwa na wasaidizi wake, amevaa suti, ana haraka. Walimkuta Bi Foleni na wapishi wa hospitali waliokuja matembezi. Wasaidizi wakamnong'oneza kwamba mheshimiwa ana kikao, apewe maji kwanza. Bi Foleni akamsalimia mheshimiwa vizuri sana, akamshika kiwiko kama anavyomshika mtoto wa chekechea, akamweka nyuma ya mpishi mmoja mnene. Mheshimiwa alivua koti, akaingia uani, akasukuma mpini. Yule mpishi alikuwa na kiu ya kweli na hakuwa na haraka ya kusema imetosha. Mkurugenzi alitoka uani anahema huku akicheka, na kwenye hotuba yake alisema hajawahi kufanyishwa kazi na mwajiriwa wake, akamwita Bi Foleni, nasi tukalichukua jina hilo. Msimamizi wetu wa wakati ule hakucheka. Alingojea barua ya onyo kwa wiki kadhaa, na badala yake ikaja rangi mpya ya kupaka geti.

Siku nyingine walikuja bwana na bibi harusi kupiga picha. Bwana harusi alitaka kumwonyesha mkewe nguvu zake, akausukuma mpini kama anayejaza tangi la lori, na bibi harusi upande wa pili akaloa kuanzia kiunoni kushuka chini. Sote tulishika vichwa. Bi Foleni alizunguka kona, akamtazama yule binti, akamwambia, "Bora umejua leo, mwanangu. Sasa nenda wewe kwenye mpini, yeye aje huku." Picha ya bwana harusi aliyelowa ipo ukutani kwenye chumba cha tiketi hadi leo, na wenyewe huja kuitazama kila wanapopita, sasa wakiwa na watoto watatu.

Siwezi kuacha kisa cha mafundi bomba, ingawa Bi Foleni ameniomba nikiache. Sinki la ofisini lilikuwa limeziba, msimamizi akaita kampuni, na kampuni ikaleta mafundi wawili na masanduku yao ya vifaa. Walipofika getini walimkuta Bi Foleni. Kabla hawajafungua kinywa walikuwa wamekaribishwa, wameambiwa waache masanduku pembeni, na wanatazama tangi la juu. Walikuwa vijana wenye adabu. Walielezwa injini, wakaelezwa chemchemi, wakashuka kwenye tangi la chini ambalo sasa ni kavu, wakaimbishwa humo ndani wasikie mwangwi, wakashikiana mpini, wakanywa maji, wakashukuru, wakabeba masanduku yao wakaenda zao. Sinki likabaki limeziba vile vile. Msimamizi alipopiga simu kuuliza mbona hawakufanya kazi, walijibu kwamba walidhani huo ndio utaratibu wa ofisi na kazi ingefuata siku ya pili. Walirudi kweli siku ya pili. Mmoja wao alikuja na mama yake.

Tangi la chini lilikuwa fahari yake ya pili baada ya foleni. Sauti ikiingia mle inarudi imenenepa, na Bi Foleni, ambaye Mungu alimpa vyote isipokuwa sauti ya kuimba, aliamini kwamba mle ndani anaimba vizuri. Hatukumkatalia. Siku za kusafisha tangi, tukiwa sote tumekunja suruali na kushika brashi, alituimbia kuanzia asubuhi mpaka mlinzi alipojitolea kwenda kusafisha mfereji wa nje peke yake.

Lakini alikuwa hodari hata pale ambapo hapakuwa na mzaha. Mwaka ule bomba kuu la mji lilipopasuka na nyumba zote zikakauka, watu walikumbuka kwamba kwetu kuna chemchemi. Asubuhi tulikuta watu wamejaa kuanzia getini mpaka kwenye kona ya soko, wenye ndoo, madumu, masufuria, hata beseni za kufulia. Msimamizi alitaka kupiga simu makao makuu kuomba maelekezo. Bi Foleni alimwambia apige tu, akachukua funguo, akafungua geti. Alisimama pale mpaka bomba kuu lilipotengenezwa. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyelipa, na hakuna aliyerudi na ndoo tupu. Makao makuu walituma cheti cha pongezi. Kimetundikwa karibu na picha ya bwana harusi, chini kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sote tuliofanya naye kazi tunalijua, na ambalo yeye mwenyewe ameniruhusu niliandike.

Katika miaka yote hiyo, mgeni mmoja alimshinda Bi Foleni. Ni mama mkwe wake. Bi Foleni na mume wake, ambaye ni dereva wa malori, wanaishi nyumba moja na mama huyo. Wanaelewana. Wanapika pamoja, wanasema watu pamoja, na binti za Bi Foleni wamelelewa zaidi na bibi yao kuliko na mama yao aliyekuwa huku akipanga watu foleni. Bibi huyo aliishi mtaa huu alipoolewa, na alichota maji hapa hapa miaka mingi kabla hapajawa mahali pa kutembelewa. Ungedhani angekuwa mgeni wetu wa kwanza. Bi Foleni alimwalika mwezi wake wa kwanza kazini, na jibu alilopewa tulilijua kwa moyo: "Pale ndipo nilipovunjika mgongo. Leo nilipe kiingilio nikautazame?"

Aliambiwa hatalipa. Akasema hata bure ni ghali. Mwaka uliofuata akaalikwa tena, akasema miguu inauma. Mwaka mwingine akasema ana kuku wa kuangalia, na nyumba ile haijawahi kuwa na kuku. Tulizoea kumuuliza Bi Foleni wakati wa chai, "Mama amekubali?", naye anacheka, anatikisa kichwa, anamimina chai. Ila mimi nilimwona usoni. Wakati wa lile bomba kuu kupasuka, Bi Foleni alipeleka nyumbani madumu mawili ya maji. Mama akauliza yametoka wapi. Alipoambiwa, aliyasukumia pembeni kwa mguu, akasema yeye atangoja mvua. Kesho yake Bi Foleni alitusimulia hayo kama kichekesho, sisi tukacheka, na yeye akaenda kwenye tangi la chini akakaa mle muda mrefu bila kuimba.

Kilichokuwa kinamuuma si maji. Mtu anaweza kupendwa na mgeni, na mkurugenzi, na mafundi bomba na mama zao, lakini anayekula naye sahani moja akiwa hataki hata kupaona mahali pake pa kazi, furaha yote ile inabaki na tundu. Bi Foleni aliniambia mara moja, nikiwa nafungua nati za pampu naye ameshika tochi, kwamba anataka jambo moja tu kabla ya kustaafu, mama aje aone. Akasema hamtaki asifu. Anataka aone tu. Habari ya mgongo kuvunjika alidhani ni msemo tu; sababu hasa ya kukataa hakuijua, na mama hakuisema, na mume wake alipoulizwa alisema yeye wakati huo alikuwa mtoto mchanga, asiulizwe mambo ya wakubwa.

Miezi ya mwisho Bi Foleni aliacha kumwalika. Alisema mtu mzima haombwi mpaka achoke. Tukaacha kuuliza wakati wa chai.

Matembezi yake ya mwisho yalikuwa Jumamosi iliyopita. Wageni walikuwa mafundi cherehani wa chama kimoja cha akina mama, wachangamfu, kila mmoja amevaa nguo aliyoshona mwenyewe na kila mmoja anakagua mishono ya mwenzake. Walikuwa wamefika kwenye injini wakati karani wa tiketi alipokuja mbio kuniita. Getini alisimama bibi mmoja mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mkoba kwapani, na nyuma yake mwanawe dereva wa malori akinifanyia ishara za macho nisiseme kitu. Karani alikuwa ameshamwambia bibi kwamba haingii kwa tiketi, yeye ni mgeni wetu. Bibi akajibu, "Vizuri, maana nisingelipa." Kisha akaeleza kilichomleta, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa zaidi, "Sikuja kutembea. Nimekuja kumchukua mtu wangu. Naambiwa leo anamaliza."

Nilimwambia bado hajamaliza, wamebakisha pampu. Akasema basi atangoja. Nikamletea kiti. Hakukaa. Akaanza kutembea kufuata sauti ya mkwewe, taratibu, bila kuuliza njia, akapita kwenye kile kimlango cha pembeni ambacho mgeni hawezi kukijua kama hajawahi kupita.

Bi Foleni alikuwa amesimama mbele ya ukuta anawaeleza mafundi cherehani utaratibu. Alipomwona mama yake mkwe amesimama nyuma ya watu, alikatiza sentensi katikati. Kisha akaendelea palipokatikia, akasema aliye nyuma humshikia mpini aliye mbele, na wa mwisho hushikiwa na mwenyeji.

"Nani kakwambia?" bibi akauliza kutoka nyuma. Watu wote wakageuka. "Wa mwisho hashikiwi na mtu."

Bibi akasogea mbele, mafundi cherehani wakampisha, na akasema kwa maneno machache yale ambayo mkwewe alikuwa hajawahi kuyasikia katika nyumba moja waliyoishi. Utaratibu wa foleni ulikuwepo tangu zamani, akina mama wenyewe waliuweka baada ya mwajiriwa wa mpini kuhamishwa. Foleni ilipangwa kwa ukongwe mtaani. Yeye alikuwa ameolewa juzi, ametoka mbali, hana ndugu wala shoga, hivyo alikuwa wa mwisho kila siku. Wa mwisho alimshikia aliye mbele yake. Huyo akijaza ndoo anajitwisha, anakwenda. "Nao si kwamba walikuwa wabaya," alisema. "Kila mtu ana moto kauacha, ana mtoto analia. Lakini ukitoka uani unakuta migongo tu." Basi yeye alisukuma mpini, akakimbia kutoka langoni, akazunguka kona, akakinga kilichobaki kudondoka, akarudi mbio kusukuma tena, na mwanawe wa kwanza mgongoni. Ndoo ilijaa jua likiwa juu. Siku moja aliteleza kwenye ile kona, akaumia mgongo na ndoo ikapinduka, na alipoinua kichwa barabara ilikuwa tupu.

"Bomba sikulichukia," alisema. "Nilichukia migongo yao."

Yule mwanawe wa kwanza, dereva wa malori, mtu wa kimo na kifua, alikuwa amesimama karibu nami. Alitazama kona ile, akavua kofia, akaivaa tena. Bi Foleni akamchukulia mama kikombe, akamwambia apite mbele, aanze yeye. Mafundi cherehani wote wakaitikia kwamba ndiyo, mama apite. Bibi akakataa. Alikwenda mwenyewe nyuma ya foleni, akasimama pale kama mtu anayejua mahali pake, akashika kikombe kwa mikono miwili.

Foleni ikaenda. Sijawahi kuona foleni iliyotulia vile kwa watu wachangamfu vile. Kila aliyekunywa alisema imetosha kwa sauti ya chini na hakuondoka, alirudi akasimama barabarani, mpaka wakawa wamejaa pale nje wakitazama. Ikafika zamu ya bibi kumshikia mpini fundi cherehani aliyekuwa mbele yake. Alisukuma vizuri, kwa mapigo marefu, kama asiyewahi kuacha. Kisha akatoka langoni, akazunguka kona polepole akishika ukuta, akakuta barabarani nyuso zote zimemwelekea.

Bi Foleni aliingia uani akashika mpini. Mimi nilikuwa pale kwenye kona, naona pande zote mbili, na ndiyo maana naweza kuandika. Maji yakatoka. Bibi aliyatazama kwanza kabla ya kuweka kikombe. Akakinga, akanywa, akakinga tena. Bi Foleni upande wa ndani aliendelea kusukuma huku machozi yanamtiririka, akingojea neno. Neno halikuja. Mwishowe ikasikika sauti kutoka nje ya ukuta:

"Nani huko?"

"Ni mimi, mama."

"Na wewe, nani anakushikia?"

Swali hilo Bi Foleni alikuwa hajawahi kuulizwa, na kwa kweli hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria. Akasema, "Mimi ni mwenyeji, mama. Mimi ndiye wa mwisho."

"Ndiyo maana nakuuliza. Haya, zunguka. Zunguka huku, mwanangu, kikombe hiki hapa."

Wakapishana langoni. Sijui walisemezana nini pale, nilitazama pembeni, mambo ya mtu na mama yake mkwe si ya fundi. Bibi akaingia uani, akaweka mkoba wake chini, akashika mpini. Bi Foleni akasimama nje na kikombe, mahali alipowasimamisha watu kwa miaka ishirini na saba, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akakinga maji ya Nyumba ya Pampu bila kuyasukuma yeye. Mafundi cherehani walipiga makofi mpaka watu wa sokoni wakaja kuuliza nani anaolewa.

Bi Foleni, mafanikio yako ni mengi na msimamizi atayasoma kwa mpangilio baada ya chakula. Mimi nasema haya tu. Tunakushukuru kwa wageni uliowapokea kwa mikono miwili, kwa mtaa ulioupa maji mabomba yalipokauka, kwa chai, na hata kwa nyimbo. Anayekuja kushika nafasi yako ameshaambiwa na ameshaelewa kwamba vibao vinaweza kubadilishwa na rangi inaweza kubadilishwa, ila haondoki kwenye mpini kabla ya mtu wa mwisho kunywa.

Nenda nyumbani ukapumzike. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na kengele, na siku ndefu zenye kicheko wewe na mama. Na mkipata hamu ya maji haya, njooni. Mtapanga foleni kama watu wengine, lakini mkitoka uani hamtaona mgongo wa mtu.